Swali Lililoulizwa Nyuma ya Pazia

Kwa miaka kumi na tisa mama mkubwa wangu, Mogesi, alikaa benchi lile lile kanisani: la mwisho, upande wa mlango. Mchungaji aliwahi kumtaja kwenye mahubiri kuwa ni mfano wa mtu asiyegombea viti vya mbele. Mama mkubwa aliinamisha kichwa, na watu wakasema huyu mama ni mnyenyekevu mpaka anaona aibu kusifiwa. Mimi niliyekuwa nikifua nguo zake nilijua kwa nini alikaa pale. Alitaka akisimama kusiwe na mtu nyuma yake wa kuona benchi limelowa.

Alinilea tangu mama yangu mzazi alipofariki, nikiwa darasa la pili. Nyumba yake iko nje kidogo ya Nyamongo, mahali ambapo usiku taa za mgodi mkubwa hufanya mawingu yawe ya njano. Alizaa mara saba. Uzazi wa sita ulimchukua siku mbili, na mtoto alipotoka alikuwa ameshakufa. Wiki ya tatu baada ya hapo alirudi kwenye kazi iliyokuwa ikitulisha: kubeba viroba vya mawe mgongoni kutoka kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo hadi kwenye karasha, ambako mawe husagwa ili watafute dhahabu. Alizaa mara moja tena. Mume wake akafariki. Viroba vikaendelea.

Kizazi kilianza kushuka taratibu. Mwanzoni kilimsumbua jioni tu, akishachoka, na alfajiri alikikuta kimerudi chenyewe. Baadaye ikabidi akirudishe kwa mkono. Mwisho kilikaa nje kutwa nzima, kikubwa kama ngumi, mkojo ukimvuja, naye akawa anajifunga kipande cha kanga katikati ya mapaja na kukikaza kiunoni kama mtoto aliyefungwa nepi. Zahanati moja ilimpa pete ya mpira ya kukizuia kwa ndani. Siku ya nne ikamtoka chooni.

"Imekimbia," aliniambia. "Imeona kazi ni kubwa kuliko mshahara."

Alikuwa mtu wa utani kuhusu mambo yote yaliyomuumiza. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kujua lini ameogopa.

Mwezi wa saba, mwaka niliomaliza chuo Dodoma na kurudi nyumbani kusubiri ajira, nilikuta matone matatu ya damu kwenye kanga yake.

"Mama mkubwa, hii ni damu."

"Ni kidonda. Kinasuguana na kitambaa."

"Si ulishakoma siku nyingi?"

"Nilikoma mwaka dada yako Tabitha alioolewa. Sasa kwa kuwa wewe umesoma unataka nianze tena?" Akacheka. Lakini aliichukua ile kanga mkononi mwangu na kuimalizia kuifua mwenyewe, akiwa amenipa mgongo. "Na hili haliendi kwa mtu. Umenisikia?"

Nilisikia. Wiki tatu baadaye alishikwa na malaria akalala siku mbili, hajafunga kitambaa chochote, hajatembea zaidi ya kwenda chooni. Siku ya tatu nilipotandua shuka nilikuta doa lingine, kubwa kuliko yale ya kwanza. Safari hii hakukuwa na kitu cha kusuguana na kitu. Nililikunja lile shuka nikalitia majini kabla hajaniona. Sikusema neno. Mimi si mtu wa kusema. Tangu utoto nilikuwa naona heri kusoma kurasa mia kuliko kumuuliza mtu swali moja.

Mwezi wa tisa redio ikatangaza kambi ya upasuaji wa akina mama wenye tatizo la kizazi kushuka, siku tano, katika hospitali ya misheni upande wa Serengeti, mbele ya Mugumu. Mama mkubwa aliufunga mfuko wake usiku ule ule.

Tulipewa kitanda kwenye wodi yenye wanawake saba. Wote walikuwa na ugonjwa ule ule, na hilo peke yake lilimfurahisha mno. Miaka kumi na tisa alidhani ni yeye tu. Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo Judith, Mwikoma mwenye sauti ya kuita ng'ombe, ambaye kabla hata hatujaketi alimuuliza, "Wewe lako limefikia wapi? Langu likikaa juani naliwekea mwavuli."

Wakacheka mpaka Verdiana, nesi mkuu wa wodi, akaja kuuliza kama kuna aliyeanguka.

Asubuhi ya pili daktari bingwa alikuja kutufundisha. Alikuwa kijana, labda miaka thelathini na mitano, mrefu, mwenye kuongea polepole. Alisema anaitwa Joram. Alivua soksi yake moja mbele yetu sote, akaushika mdomo wa soksi kwa vidole na kusukuma sehemu ya mbele mpaka ikajigeuza na kuchungulia nje.

"Hivi ndivyo mlivyo," alisema. "Hakuna aliyelogwa. Kamba za ndani zinazoshikilia kizazi zimelegea, kwa sababu ya kuzaa kwa shida na kubeba mizigo."

"Daktari, soksi yako ni mpya," Judith alisema. "Zetu zimeshatoboka."

"Ndiyo maana nimekuja na sindano, mama."

Kisha akaeleza njia tatu, na mimi niliziandika, kwa sababu ndilo jambo ninaloliweza. Njia ya kwanza ni kukitoa kizazi chenyewe kwa kupitia ukeni, halafu kuishikiza sehemu ya juu ya uke kwenye kano imara za ndani ya nyonga ili isishuke tena. Operesheni hiyo ni ndefu zaidi na damu hupotea zaidi. Kizazi kikishatoka, hakiwezi kuleta ugonjwa mwingine, lakini kuta za uke zinaweza kulegea tena miaka ya mbele. Njia ya pili ni kukiacha kizazi, kukipandisha na kukishona kwenye kano hizo hizo. Hiyo inawafaa wanaotaka bado kuzaa, ingawa uzazi mwingine unaweza kuiharibu kazi yote. Alisema pia zipo hospitali kubwa wanakovuta kizazi kwa wavu wa plastiki kupitia tumboni, lakini wavu nao una matatizo yake, na yeye pale hauweki.

"Ya tatu ni kufunga," alisema, akaziminya pande mbili za soksi zikashikana. "Tunakirudisha kizazi ndani, tunashona ukuta wa mbele na wa nyuma wa uke pamoja. Ni operesheni fupi, ganzi ya mgongoni tu, na ni mara chache sana tatizo kurudi. Lakini mlango unafungwa moja kwa moja. Hakuna mwanaume tena. Na mimi siwezi tena kuchungulia ndani kuona kizazi kinaendeleaje. Tunaacha vijia viwili vyembamba pembeni, ili kama kuna majimaji yatoke. Basi."

"Mimi weka hiyo ya tatu," mama mkubwa alisema papo hapo. "Mlango wenyewe nilishaufunga tangu mzee alipokufa, na funguo nimezikwa nazo."

"Hujazikwa bado, dada," Judith akamjibu.

Daktari alicheka, akasema kwa kuwa mama ana presha, hata yeye aliifikiria hiyo. Akaanza kuvaa soksi yake. Mama mmoja kutoka kona ya wodi akamwita, kwa furaha ya kumsikia akichanganya Kikurya kidogo, "Mura, wewe kijana wetu ni wa nani?"

"Wa Nyamisangura pale Tarime mjini, mama. Mimi mtoto wa Nashoni Machage, yule aliyekuwa na mashine ya kusaga."

Mama mkubwa alikuwa ameinua kikombe cha uji. Alikishusha bila kunywa. Alivuta kanga ya mabegani ikafunika kichwa, ikafunika paji la uso, ikafika puani.

Tabitha, binti yake wa kwanza, ameolewa na Sadock. Baba yake Sadock na Nashoni Machage ni mtu na mdogo wake. Kwa hesabu yetu, ndugu wa mkwe wako ni mkwe wako, na mama mkwe hali chakula mbele ya mkwe, hapishani naye njia nyembamba, hasemi mbele yake jambo la mwili. Akimwona anakuja, atashika njia ya shambani hata kama ni ya miiba. Daktari alikuwa amesoma mbali tangu sekondari. Hakuwa amewahi kumwona mama mkubwa. Na kwenye kadi ya hospitali hakukuwa na Mogesi. Kulikuwa na jina la ubatizo, Regina, ambalo nyumbani halitumiki.

"Twende nyumbani," alininong'oneza daktari alipotoka.

Nilimwita Verdiana. Nilimweleza tu kwamba mama anaona aibu kwa daktari mwanaume. Verdiana alisema hiyo ni kawaida, hakuna daktari mwingine kwenye kambi, na mama anaweza kujifunika uso, wengi hufanya hivyo. Mama mkubwa alikaa kitandani muda mrefu akitazama dirishani, upande ambako bomba la maji ya bwawa la Manchira lilikuwa likidondoka kwenye ndoo. Nilijua anafikiria benchi.

"Nisipomwona, hajaniona," alisema mwisho.

Siku ya tatu ikawa zamu yake ya kupimwa. Alilala akiwa amefunikwa kanga mbili usoni, kama maiti. Verdiana alivuta pazia. Daktari alipima haraka na kwa heshima. Alikuta kidonda kwenye shingo ya kizazi, akasema ni cha msuguano, kimepakwa dawa wodini na kinapona. Alipaka siki kuangalia dalili za saratani ya shingo ya kizazi, hakuona doa. Akaweka mashine ya picha juu ya tumbo, akakaa akitazama kioo kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha alitoka nje ya pazia, akaketi mezani, Verdiana akampa faili.

"Mama Regina," alisema kutoka kule. "Nina swali moja la mwisho, na ni la muhimu kuliko yote. Utando wa ndani ya kizazi chako umenenepa kidogo. Kama hujawahi kuona damu, si tatizo, tunafunga kesho. Lakini kama umeona, siwezi kufunga. Itabidi nikwangue kinyama kidogo, kipelekwe Mwanza kikapimwe, halafu tuchague njia nyingine. Tangu ulipokoma, umewahi kuona damu? Hata tone moja?"

Nilikuwa nimesimama upande wa kichwa chake. Mkono wake ulitoka chini ya kanga ukanishika kifundo cha mkono. Ulikuwa wa baridi na ulikaza kama unashika kamba ya ndoo kisimani. Kanga iliyomfunika mdomo ilipanda na kushuka, ikapanda na kushuka.

"Hapana," alisema.

"Dada," daktari akaniita mimi, kwa upole. "Wewe unaishi naye. Umewahi kuona chochote kwenye nguo?"

Nililiona lile shuka. Niliona maji ya beseni yakigeuka rangi. Ningeweza kumvuta Verdiana pembeni. Ningeweza kuandika kwenye kipande cha karatasi, maana daftari lilikuwa kwapani. Vidole vya mama mkubwa vilizidi kukaza.

"Sijaona," nilisema.

Nilisikia kalamu ikiandika.

Operesheni ilikwenda vizuri kabisa. Ilichukua muda wa ibada fupi. Alipoletwa wodini, miguu bado imekufa ganzi, aliniambia nimtazamie kama kweli hakuna kitu. Nikamtazamia. Hakukuwa na kitu. Alilia kwa kelele, na Judith aliyekuwa amefanyiwa njia ya kwanza siku moja kabla akamwambia anyamaze, asije akapasua nyuzi za wenzake.

Miezi mitatu hakubeba hata jagi. Mimi nilichota maji, nilichanja kuni, nilipika. Alipoanza kutembea hadi sokoni, vijana wa bodaboda wa kona yetu walimpigia honi: "Bibi, siku hizi unatembea kama askari!" Naye akawajibu, "Nyamazeni, nitawakamata." Jumapili ya kwanza ya mwaka mpya aliingia kanisani, akalipita benchi la mwisho bila kulitazama, akaenda kukaa katikati, mstari wa sita, watu mbele yake na watu nyuma yake. Aliimba kwa sauti ambayo sikujua kama anayo.

Nilikuwa nimekaa pembeni yake, na nilitamani nifurahi.

Sikufurahi kwa sababu bado nilikuwa nafua. Kila nguo niliikagua kwenye mwanga kabla ya kuitia majini. Januari hakukuwa na kitu. Februari nilikuta alama ya kahawia, nyembamba, ambayo ingeweza kuwa chai. Wiki iliyofuata nilikuta beseni liko tupu na nguo zake zimeshaanikwa.

"Nimepona," alisema. "Kwa nini nifuliwe kama mgonjwa?"

Tangu siku hiyo alifua mwenyewe, alfajiri kabla sijaamka, na nguo zake za ndani hazikuonekana tena kwenye kamba. Alizianika wapi, sikumuuliza. Nikaona anakonda usoni. Nikaona anashika kiuno akiinuka. Alipokutana na macho yangu alitoa utani, nami nikacheka pale alipotaka nicheke. Hivyo tukakaa hadi kiangazi kikapita na mwezi wa tisa ukarudi.

Jumapili ya pili ya mwezi ule, wimbo wa mwisho, watu wote walisimama isipokuwa yeye. Nilidhani amechoka. Watu walitoka, wakasalimiana nje, watoto wakaanza kukimbizana uani, naye bado amekaa katikati ya mabenchi matupu akitazama mbele.

"Nipe sweta lako," alisema.

Alipoinuka niliona mbao. Doa lilikuwa na ukubwa wa kiganja, na halikuwa la mkojo.

Tulilifuta kwa sweta. Alinisaidia kusugua, sisi wawili tumepiga magoti kama watu wanaosali. "Haliendi kwa mtu," alisema, lakini safari hii hakusubiri nijibu.

Jioni nilimpigia Verdiana. Alisema kambi ya mwaka huu imeanza jana, daktari ni yule yule, nimlete kesho bila kukosa. Mama mkubwa aliufunga mfuko wake.

Chumba kilikuwa kile kile, pazia lile lile. Dakta Joram alisoma faili, akaweka mashine ya picha juu ya tumbo, na mara hii hakukaa kutazama kioo kwa muda mrefu. Alikizima. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna kitu ndani ya kizazi, kwamba kwa kuwa alishafunga hawezi kukifikia kwa urahisi, itabidi afungue alipofunga ili apate kinyama cha kupima, na pengine Mwanza watalazimika kupasua tumbo, kama bado kinaweza kutolewa. Kisha akauliza tena habari ya damu, kama mwaka uliopita: ilianza lini.

Mama mkubwa, amefunikwa kanga uso wote hadi kidevuni, aliivuta ikazidi kukaza. Daktari aliuliza mara ya pili. Akanigeukia mimi.

"Daktari," nilisema, "hawezi kukujibu. Huyu ni mama yake Tabitha. Tabitha mke wa Sadock, ndugu yako. Ni mama mkwe wako."

Sikutegemea alichofanya. Alikuwa amesoma nchi mbili, alikuwa ameshapasua mamia ya wanawake. Alisimama kwa haraka mpaka kiti kikaanguka, akageuza uso, akaenda hadi ukutani akasimama pale ametupa mgongo, kichwa chini, kama kijana yeyote wa Nyamisangura aliyekutana na mama mkwe kwenye njia nyembamba. Verdiana alimwangalia kwa mshangao. Yeye si wa kwetu. Mimi nilidhani ataondoka.

Hakuondoka. Alikohoa, na alipozungumza alizungumza na ukuta.

"Shikamoo, mama."

Halafu kutoka chini ya kanga: "Marahaba, mwanangu."

"Nisamehe kwa kukaa mbele yako. Sikujua. Sasa sikutazami. Naomba uniambie ilianza lini."

Mama mkubwa alishika pindo la kanga, akaifunua polepole hadi uso wote ukawa wazi. Aliutazama ule mgongo mrefu wenye koti jeupe. Uso wake ulikuwa umelegea, kama mtu aliyetua mzigo barabarani. Kumbe ingetosha tu mtu angemwambia ageuke.

"Mwezi wa saba," alisema. "Si wa mwaka huu. Wa mwaka jana, kabla hujanishona. Huyu Agustina alitaka kusema, nikamshika mkono."

Mikono ya daktari ilikuwa nyuma, chini ya kiuno, na kutoka nilipokuwa nimesimama niliona akikunja vidole kimoja kimoja, akihesabu miezi. Vidole vya mkono wa kulia viliisha. Vya mkono wa kushoto vikaisha. Akarudi mkono wa kulia, akahesabu vinne tena, miezi kumi na minne, akasimama hapo, na ngumi ikajifunga.

Mama mkubwa hakuviona vidole vile. Alikuwa amejilaza uso wazi, macho darini, anasubiri mkwe wake amwambie kati ya zile njia tatu ni ipi iliyobaki.